Picha ya ubongo, kipimo cha damu au mazungumzo: kipi kinasaidia kumtambua mgonjwa aliye katika hatari ya kujiua?

Ndugu wa mgonjwa anauliza kama picha ya kichwa inaweza kuonyesha iwapo mtu wao atajaribu tena kujiua. Daktari kijana anauliza kama kuna kipimo cha damu cha kuongeza kwenye faili. Mtafiti anauliza aweke fedha zake kwenye MRI, mashine inayopiga picha ya ubongo kwa sumaku, au kwenye friza ya sampuli za damu. Watu hawa watatu wanaonekana kuuliza jambo moja, lakini kila mmoja anahitaji jibu lake.

Lililo la haraka litangulie. Hadi sasa hakuna picha ya ubongo wala kipimo cha damu kinachoweza kumwambia daktari, kuhusu mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yake, kwamba huyu atajiua au hatajiua. Kwa uamuzi wa leo, mazungumzo mazuri na mpango wa usalama vinashinda vyote viwili. Picha na damu zina kazi zake, na baadhi ya kazi hizo huokoa maisha, ila utabiri haumo. Na kama wewe unayesoma ndiye unayebeba mawazo hayo, au yanambebesha mzigo mtu wako wa karibu, usingoje kipimo: mwambie mtu unayemwamini sasa hivi, mfike kituo cha afya leo, na mwenye mawazo hayo asiachwe peke yake.

| | MRI | PET (picha ya kemikali ya mionzi) | Damu | Mazungumzo na mpango wa usalama |
|---|---|---|---|---|
| Kinachopimwa | Umbo la ubongo, au mabadiliko ya damu yenye oksijeni ndani yake | Vipokezi vya kemikali za ubongo | Homoni, uvimbe wa ndani, shughuli za jeni | Mawazo, nia, mpango, majaribio ya nyuma, kinachomshikilia mtu aendelee kuishi |
| Muda wa mgonjwa | Dakika 30 hadi 60 | Saa kadhaa | Dakika chache, au siku mbili kwa kipimo cha deksamethasoni | Dakika 20 hadi 45 kwa mpango wenyewe |
| Kinachoharibu jibu | Kutikisa kichwa, tofauti za mashine, dawa | Dawa, kuchelewa kwa kemikali ya mionzi | Saa ya kutoa damu, uhifadhi, maambukizi, unene, dawa | Haraka, kukosa faragha, swali lililoulizwa vibaya |
| Kinabadilisha uamuzi wa leo? | Pale tu kunaposhukiwa ugonjwa wa ubongo | Hapana | Ndiyo, kwa magonjwa ya mwili na viwango vya dawa | Ndiyo |

Hesabu inayokiangusha kila kipimo

Kabla ya kulinganisha mashine na mirija, ni lazima kuielewa hesabu moja, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi. Chukua mfano wa wagonjwa 10,000 ambao 50 kati yao watajiua ndani ya mwaka. Tuseme tunacho kipimo kizuri kuliko karibu vyote vilivyopo: kinawanasa 90 kati ya kila 100 walio hatarini, na kinawaachia kwa haki 90 kati ya kila 100 wasio hatarini. Kitawanasa 45 kati ya wale 50. Lakini kitawapigia kengele pia watu 995 kati ya 9,950 ambao wasingejiua. Kengele zote ni 1,040, na za kweli ni 45, yaani kama 4 katika kila 100. Na watu watano watakuwa wamerudishwa nyumbani na karatasi inayosema wako salama. Hao watano ndio wanaotutisha zaidi.

Jambo hili lilionekana kwa wagonjwa halisi. Mwaka 1983 Alex Pokorny alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanajeshi wastaafu 4,800 waliolazwa kwa matatizo ya akili huko Houston, Marekani. Watu 67 walijiua. Hesabu yake bora iliwatambua 35 kati yao, lakini kwa gharama ya kuwataja wengine 1,206 ambao hawakujiua. Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake walikusanya tafiti 365 za miaka 50 wakakuta kwamba uwezo wa kutabiri ulizidi bahati nasibu kwa kiasi kidogo tu, na haukuwa umeongezeka kadiri miaka ilivyokwenda.

Kwa hiyo mtu akikuletea kipimo chenye "usahihi wa asilimia 90", muulize mambo matatu: kilijaribiwa kwa watu wangapi, je, watu hao walikuwa wapya au ni walewale waliotumika kukitengeneza, na kati ya kengele 100 kinazopiga, ngapi ni za kweli. Akikwama kwenye swali la tatu, hana kipimo cha kumtumia mgonjwa.

Picha za ubongo

MRI ya umbo ndiyo rahisi kati ya picha. Mgonjwa analala dakika tano hadi kumi kwa mfululizo mmoja wa picha zenye vipande vya milimita 1, bila mionzi na bila dawa ya mshipani. Tafiti za makundi makubwa zimeona tofauti kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, hasa eneo la chini na katikati linalopima thamani ya mambo na kutuliza hisia, na eneo la juu linaloshiriki katika kupanga na kujizuia. Tofauti hizo ni ndogo. Ukiweka waliowahi kujaribu kujiua upande mmoja na wasiowahi upande wa pili, makundi mawili yanaingiliana kiasi kwamba ukichagua ubongo mmoja bila kuambiwa ni wa nani, huwezi kusema unatoka kundi gani.

Halafu kuna tatizo la kutikisika, ambalo watu wengi hulidharau. Kichwa kikicheza hata chini ya milimita moja, tabaka la nje la ubongo huonekana jembamba kuliko lilivyo. Mgonjwa mwenye wasiwasi mkali, asiyelala, au ambaye dawa zinamfanya ashindwe kutulia, ndiye anayetikisika zaidi. Na ndiye pia aliye kwenye kundi la hatari. Hivyo mashine inaweza kupima utulivu wa shingo, na ripoti ikasema imeona ubongo uliopungua. Dawa nazo huingilia: lithiamu, dawa ya ugonjwa wa baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), huongeza ujazo wa mada ya kijivu, sehemu yenye seli nyingi za neva, unaoonekana kwenye MRI, na pombe hufanya kinyume. Mtafiti asiyeandika dawa, kipimo cha pombe na kiasi cha kutikisika kwa kila mshiriki asitegemee kuaminiwa.

MRI ya utendaji, ile inayofuatilia damu yenye oksijeni wakati mtu anafikiri au anatazama picha, huvutia zaidi na hudanganya zaidi. Haisomi mawazo. Damu huongezeka sekunde tano au sita baada ya seli za ubongo kufanya kazi, na badiliko lenyewe ni dogo, asilimia moja au mbili. Mwaka 2020 watafiti waliwapa timu 70 data zilezile za MRI ya utendaji wazichambue. Majibu yalitofautiana kwa sababu kila timu ilifuata njia yake. Mwaka huohuo uchambuzi mwingine ulionyesha kwamba mtu yuleyule akirudia jukumu lilelile siku nyingine, ishara za ubongo wake hazilingani vya kutosha kumtofautisha na mwenzake.

Kisa kinachopaswa kujulikana na kila anayefikiria kununua huduma hii kilianza mwaka 2017. Makala kwenye jarida la Nature Human Behaviour iliwalinganisha vijana 17 wenye mawazo ya kujiua na 17 wasio nayo, kwa kuwafanya wafikirie maneno kama kifo huku wakiwa ndani ya mashine. Kompyuta ilidaiwa kuwatofautisha kwa usahihi wa asilimia 91. Vyombo vya habari vilishangilia. Baadaye wakosoaji walionyesha kwamba maneno na maeneo ya ubongo yaliyotumika yalikuwa yamechaguliwa kwa kutazama watu walewale ambao mfumo ulikuja kupimwa nao, kama mwanafunzi anayefanya mtihani aliokwisha kuonyeshwa majibu yake. Mwaka 2023 makala iliondolewa. Bado utaiona ikinukuliwa kana kwamba iko hai.

PET ni ya maabara za utafiti. Kemikali ya kaboni-11 inayotumika kuonyesha kipokezi kimoja cha serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 20, kwa hiyo mtambo wa kuitengeneza uwe jengo lilelile au jirani kabisa, na baadhi ya vipimo huhitaji mrija ndani ya ateri ya mkono. Matokeo yake yana uzito wa kisayansi: Maria Oquendo na wenzake, mwaka 2016, waliwafuatilia watu wenye sonona kwa miaka miwili wakaona kwamba wenye vipokezi hivyo kwa wingi kwenye kiini cha serotonini kilicho kwenye shina la ubongo walikuwa na mawazo ya kujiua zaidi, na majaribio yao yalikuwa ya hatari zaidi. Ni fununu ya thamani kwa anayetafuta dawa mpya. Kwa wodi haina matumizi.

Damu

Damu ni nafuu, inarudiwa kwa urahisi na haihitaji mtu alale ndani ya handaki lenye kelele. Ndiyo maana inavutia. Ugumu wake ni kwamba damu hubeba habari za mwili mzima, na ubongo ni sauti moja katika umati.

Mfano ulio wazi ni serotonini. Mwaka 1976 Marie Åsberg na wenzake huko Sweden waliripoti kwamba wagonjwa wa sonona wenye kiwango kidogo cha 5-HIAA, mabaki ya serotonini, walikuwa wamejaribu kujiua zaidi. Lakini walipima majimaji ya uti wa mgongo, wakitumia sindano ya kiunoni. Kupima serotonini ya damu hakuchukui nafasi ya hilo: sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili hutengenezwa na utumbo, iliyo kwenye damu imefungiwa ndani ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa za sonona za kundi la SSRI huimaliza humo ndani ya wiki chache. Anayeuza kipimo cha serotonini ya damu kama kipimo cha hisia anauza habari za utumbo.

Kipimo cha zamani chenye ushahidi wa kuheshimika ni cha deksamethasoni, dawa inayopaswa kuuzima kwa muda uzalishaji wa kortisoli, homoni ya msongo. Mgonjwa humeza miligramu 1 saa tano usiku. Kesho yake damu hutolewa kupima kortisoli, kwa kawaida saa kumi jioni, na kwa aliyelazwa hata saa mbili asubuhi na saa tano usiku. Kortisoli ikizidi mikrogramu 5 kwa desilita, mwili umeshindwa kuizima. William Coryell na Michael Schlesser, mwaka 2001, waliripoti wagonjwa 78 wa sonona waliolazwa na kufuatiliwa miaka 15: kwa 32 wenye matokeo mabaya, makadirio ya kufa kwa kujiua yalikuwa asilimia 26.8, kwa wenye matokeo ya kawaida, asilimia 2.9. Tofauti ni kubwa, lakini watu ni 78, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote.

Kipimo hiki huharibika kwa njia zinazotabirika. Karbamazepini na fenitoini, ambazo ni dawa za kifafa, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja deksamethasoni kabla haijafanya kazi. Matokeo yanakuwa mabaya bila sababu ya kiakili. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba kortisoli, na jumla yake hupanda. Ujauzito, pombe nyingi, kupungua uzito ghafla na homa kali huleta uongo uleule. Karbamazepini inatumika kwa wagonjwa wengi wa baipola, kwa hiyo bila kuuliza dawa kwanza utapoteza damu bure.

Viashiria vya uvimbe wa ndani, hasa interlukini-6 na CRP, protini mbili za damu zinazopanda mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, viko juu kidogo kwa wastani miongoni mwa waliojaribu kujiua. Viko juu pia kwa mnene, mvutaji sigara, mwenye ufizi uliooza na aliyepata mafua juzi. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, shuku maambukizi au jeraha kwanza, urudie baada ya wiki mbili au tatu. Kwa interlukini-6, sampuli isikae mezani: chembe nyeupe zilizo hai ndani ya kichupa huendelea kuitoa, kiwango kikapanda baada ya damu kuondoka mwilini. Zungusha kwenye sentrifuji ndani ya saa moja au mbili, gawa kwenye vichupa vidogo, uhifadhi kwa nyuzi -80, na usiyeyushe mara mbili. Damu zote zitolewe saa ileile ya siku.

BDNF, protini inayolisha seli za neva, ina mtego wake. Chembe sahani huihifadhi na kuimwaga damu inapoganda. Kwa hiyo seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ina BDNF nyingi kuliko plazma, majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda, na seramu iliyoachwa igande dakika 30 haifanani na iliyoachwa saa moja. Tafiti mbili zinaweza kupingana kwa sababu tu wauguzi walikuwa na mwendo tofauti.

Vipimo vya jeni vilileta matumaini mwaka 2013, pale kundi la Alexander Niculescu huko Indiana lilipotaja jeni SAT1 na nyingine chache ambazo shughuli zake kwenye damu zilibadilika mawazo ya kujiua yalipopanda. Mwaka 2014 kundi la Johns Hopkins lilitaja alama za kemikali kwenye jeni SKA2. Hoja za kibayolojia zina mashiko. Lakini damu ni mchanganyiko wa aina nyingi za chembe, na chochote kinachobadilisha mchanganyiko hubadilisha jibu. Lithiamu huongeza nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Steroidi nazo hivyohivyo. Bila kuhesabu aina za chembe kwenye kila sampuli, unaweza kugundua dawa ya mgonjwa ukadhani umegundua hatari yake.

Damu inayosaidia kweli leo ni ile ya kawaida, ambayo hakuna anayeiandikia habari. Homoni ya tezi thairoidi, vitamini B12, sodiamu, sukari, kaswende na VVU: kila kimoja kinaweza kuwa nyuma ya sonona au kuchanganyikiwa, na kinatibika au kudhibitika. Kiwango cha lithiamu, kikichukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kikae kwa kawaida kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Kwa wengine hufika 1.0. Kuhusu lithiamu yenyewe, majaribio ya zamani yaliiunga mkono kuwa inapunguza vifo vya kujiua, lakini jaribio la wanajeshi wastaafu 519 wa Marekani lililochapishwa 2022 halikuona tofauti, basi isitolewe kama kinga ya uhakika. Klozapini, dawa ya magonjwa ya akili, ina ushahidi ulio imara zaidi kwa skizofrenia: jaribio la wagonjwa 980 lililochapishwa 2003 lilionyesha tabia za kujiua zikipungua ikilinganishwa na olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huo, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2002. Kwa kuwa klozapini inaweza kuzishusha nyutrofili kupita kiasi, hapo hesabu yake kwa ratiba ni sehemu ya tiba, na ni kipimo cha damu kinachomwezesha mgonjwa kubaki kwenye dawa inayomlinda.

Mazungumzo

Hapa ndipo fedha na muda wa kliniki ungefaa kwenda kwanza. Dodoso fupi la ASQ lina maswali manne na huchukua sekunde 20 hivi. Akijibu ndiyo lolote, huulizwa la tano: je, mawazo hayo unayo sasa hivi? Kipimo cha Columbia, C-SSRS, hupanga mawazo katika ngazi tano, kuanzia kutamani kufa hadi kuwa na nia na mpango. Ngazi ya nne na ya tano, au jaribio ndani ya miezi mitatu, hudai hatua siku hiyohiyo.

Haya nayo si ramli. Taasisi ya NICE ya Uingereza, mwongozo wa 2022, inakataza kutumia dodoso kutabiri nani atajiua au kuamua nani anyimwe huduma. Alama zikiwa ndogo zisimfungie mtu mlango. Faida yake ni kufungua kinywa.

Na kinywa hakifunguki kwa swali baya. "Huna mawazo ya kujiua, sivyo?" ni swali linaloomba hapana. Kuuliza mbele ya mume, mama au mtoto anayetafsiri ni kuomba uongo. Anza na anachosema mwenyewe: amesema amechoka na maisha, au anatamani alale asiamke. Mrudishie maneno yake, kisha uliza bila kuzunguka: "Je, umefikiria kujiua?" Nyamaza. Kuuliza hakupandi wazo kichwani. Utafiti umelichunguza hilo mara nyingi, na wengi hupumua kwa nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza.

Baada ya jibu unafuata mpango wa usalama wa Barbara Stanley na Gregory Brown, unaoandikwa na mgonjwa kwa maneno yake: dalili za kuanza kuzidiwa, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kubadilisha fikra, wa kuomba msaada, wataalamu wa kuwafikia, na kuondoa vitu vya hatari karibu naye. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo isiyopaswa kurukwa, pamoja na kutoa dawa za siku chache chache. Mwaka 2018 utafiti uliowahusu wagonjwa 1,640 wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani ulikuta kwamba mpango huu pamoja na simu za kufuatilia uliambatana na tabia za kujiua pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi sita. Simu ya kwanza ilipigwa ndani ya saa 72.

Basi uchague kipi

Ndugu wa mgonjwa: usiuze kitu kulipia picha ya kutabiri. Omba MRI au CT pale kuna degedege jipya, kuumia kichwa, udhaifu wa upande mmoja, au tabia iliyobadilika ghafla kwa mtu mwenye umri mkubwa. Nauli ya kurudi kliniki wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa ina thamani zaidi, maana miezi mitatu baada ya kutoka wodini ndiyo yenye vifo vingi.

Daktari wa kliniki: damu za kawaida, viwango vya dawa, mazungumzo, mpango, simu. Kipimo cha deksamethasoni kikiwa tayari kwenye faili na ni kibaya, kiwe sababu ya kumfuatilia kwa karibu. Kikiwa kizuri, kisilegeze chochote.

Mtafiti mwenye fedha kidogo: damu inayorudiwa kwa mtu yuleyule mara nyingi, wakati mawazo yanapopanda na kushuka, itakufundisha zaidi ya MRI moja ya watu 40. Ukichagua MRI, jiunge na kundi linalochangia maelfu ya picha kwa itifaki moja, kwani tofauti ndogo hazionekani kwa makumi. Na kwa vyovyote, amua kabla ya mshiriki wa kwanza kulala kwenye mashine: akijibu kwamba ana mpango wa kujiua, nani anaitwa, kwa namba gani, yuko umbali gani, na nani anakaa na mshiriki hadi huyo afike. Namba hiyo ijaribiwe saa nane usiku na siku ya mapumziko, kwa sababu dodoso la mtandaoni hujibiwa saa hizo pia.